Kioo cha Nne

"Umekivunja wewe!"

"Bosi, sikukigusa."

"Basi kimejivunja chenyewe? Kioo kina mikono?"

"Kama kina mikono sijui. Yangu ni hii miwili, na yote ilikuwa imeshika ndoo."

Haroub aliruka vidato viwili, akasimama mbele ya ukuta. Kile kioo chembamba, urefu wa kitana, kilikuwa bado kimebandikwa palepale juu ya ufa. Ila katikati kilikuwa na mstari mpya, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Alipokigusa, nusu moja ilicheza.

"Hiki kilikuwa kizima Alhamisi. Picha umetuma mwenyewe."

"Na leo ni Jumatatu. Kimekatika sasa hivi, kabla hujafungua mlango. Nimekisikia, bosi. Tak!"

Msomaji aliyekuwa nasi wiki jana alikisikia pia. Tulimwacha Selipher amesimama ngazini, ndoo mkononi, mlio ule bado masikioni, na mlango wa chini unafunguka. Aliyeingia alikuwa kafili wake, Haroub, mwajiri anayeshika kibali chake cha kazi, na begi la safari, ametoka uwanja wa ndege. Alikuwa ametoka Riyadh bila kumwambia mtu.

Anayejiunga nasi leo ajue hili tu. Jumba ni la ghorofa nne, katika mtaa wa kale wa Jeddah, ndani ya Bab Makka. Limejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyokatwa baharini kabla bibi wa mtu yeyote aliye hai hajazaliwa. Na lina ufa. Mhandisi wa majumba ya kale, Mmisri mwenye magoti mabovu, alibandika vioo vinne juu ya ufa huo, kila kimoja ncha zake mbili zimeshikwa na plasta. Ukuta ukitulia, kioo kizima. Ukuta ukienda, hata unene wa unywele, kioo kinakatika. Kioo hakibembelezwi.

"Riyadh kwangu ulivunja vikombe vingapi?" Haroub aliuliza.

"Kumi na kimoja. Na vyote nilisema mwenyewe. Uliza madam."

Hiyo ilikuwa kweli. Vikombe alisema vyote.

"Haroub!" Sauti ilishuka kutoka juu, nyembamba na kali kama sindano. "Unampigia nani kelele ngazini kwangu? Umeshaniamkia?"

Haroub, mtu wa miaka arobaini na tisa, kilo mia na kumi, akafyata mkia. "Nakuja, Mama. Nakushika miguu."

"Ishike ukiwa huku juu. Huko chini huifikii."

Bi Badriya alikuwa amekaa mahali pake, ndani ya roshani. Hiyo ndiyo roshani ya nyumba za kale za Jeddah: dirisha la mbao lililotokeza nje ya ukuta kama kabati limening'inizwa hewani, limefunikwa nakshi na vitundu kutoka juu hadi chini. Aliye ndani huona mtaa mzima. Aliye mtaani haoni hata pua yake. Ndani yake mna kiti kirefu cha mbao, na juu ya kiti hicho Bi Badriya alikuwa amemaliza miaka hamsini.

Nje, kwenye kona ya roshani, palipigwa kibao cha bati chenye namba. Kilipigwa mwaka uliopita, mtaa ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu siku hiyo mwenye nyumba hakuruhusiwa kupigilia hata msumari bila idhini.

"Cha ngazi kimevunjika, Mama," Haroub alisema, akimbusu mkono.

"Nimesikia. Selifa hakukivunja. Mwanamke huyu akivunja kitu husema."

Selipher, aliyekuwa mlangoni, alitazama vidole vya miguu yake.

"Kimoja tu," Bi Badriya aliendelea. "Cha chini kizima. Hiki hapa kizima." Alielekeza kidole juu ya mlango, mahali kioo cha tatu kilipokuwa kimebandikwa kwenye ufa mwembamba kama uzi. "Na mhandisi alisema nini? Hebu sema wewe, uliyesoma."

Haroub alijua kwa moyo. Wote walijua. Mhandisi alikuwa amesema: cha ngazi kikivunjika, niiteni. Cha nne kikivunjika, msiniite. Tokeni.

Kwa sababu kioo cha nne kiko stoo, kwenye ukuta wa nyuma. Na ukuta wa nyuma ndio uliobeba ngazi, na ndio uliolaliwa na ncha za boriti zote za nyumba ile.

"Cha nne vipi?" Haroub aliuliza.

Mama na mwana wakamgeukia Selipher. Yeye ndiye aliyekuwa akipiga picha ya kioo hicho kila Alhamisi na kumtumia mhandisi kwa simu, maana mhandisi na magoti yake hakuwa akipanda tena.

"Tamam, bosi," Selipher alisema.

Neno lilitoka lenyewe. Lilishazoea njia.

"Kakitazame tena. Yalla, haraka. Kamati ya urithi inakuja kesho. Wakiona viwili vimevunjika wataifunga nyumba kwa mnyororo, na Mama nimpeleke wapi?"

"Popote utakaponipeleka utanipeleka maiti," Bi Badriya alisema kwa utulivu, kama anayeagiza chai. "Nilitoka Unguja mwaka sitini na nne kwa miguu hii, mmoja una kiatu, mmoja hauna. Niliapa siku niliyoingia humu. Kwa miguu yangu mie sitoki nyumba nyengine."

Haroub angeweza kugombana na kamati, na mfanyakazi, na hata na mkewe. Radhi za mama hakuzichezea.

* * *

Stoo ilikuwa na giza na harufu ya samli. Selipher alifunga mlango, akawasha tochi ya simu, akasogeza madumu ya mafuta.

Kioo cha nne kilikuwa palepale. Kizima. Hakina hata mkwaruzo.

Na uzima huo ndio uliomtisha.

Maana mwezi wa nne, wiki yake ya kwanza katika nyumba hii, Selipher aliingia stoo kufagia. Nyuma ya madumu akaona donge la plasta na kipande cha kioo vimeganda ukutani. Mtu mwingine angeona kipimo. Mfanyakazi wa nyumba aliona uchafu. Akachukua kisu cha siagi, akabandua, akapangusa mpaka ukuta ukang'aa, akajisifu.

Kesho yake mhandisi akapiga simu. Kioo cha nne, tafadhali, picha.

Alikitafuta katika mfuko wa takataka, akakipata. Akachemsha unga wa ngano na maji na chumvi kidogo, kama walivyokuwa wakibandika magazeti kwenye kuta za udongo kwao Vihiga, akakirudisha. Akapiga picha. Mhandisi akajibu kwa kidole gumba.

Vikombe alisema, ndiyo. Lakini kikombe ni kikombe. Hiki kilikuwa kitu cha serikali, na yeye alikuwa na wiki moja.

Kioo kilichoshikwa na plasta hukatika ukuta ukienda. Kioo kilichoshikwa na uji wa ngano huteleza. Selipher hakujifunza uhandisi popote, lakini hilo alilijua. Kila Alhamisi alijiambia: ufa bado ni uzi. Na kweli, Alhamisi iliyopita ulikuwa uzi.

Leo aliingiza kidole gumba. Kikaingia chote.

Alipoinua tochi, aliuona ufa ukipanda hadi darini, na mchanga mweupe ukitiririka ndani yake polepole, bila kukatika, kama unga katika chekecheo.

Simu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Winfred, rafiki yake waliyesafiri naye ndege moja kutoka Nairobi. Winfred alimtoroka bosi wake mwaka jana. Sasa yuko Manfuha, Riyadh, chumba kimoja wanawake tisa, hana ikama, kile kibali cha kukaa, hatoki nje ila kutupa taka.

"Dada, umeniuliza tena ile maneno ya kioo. Nakuambia tena. Nyamaza. Mimi nilisema ukweli mara moja tu katika hii nchi, na unajua nalala wapi. Wewe una watoto wawili. Funga mdomo, maliza contract, uende nyumbani."

Selipher aliweka simu mfukoni.

Sekunde moja alifikiri kusukuma madumu mahali pake. Nani angejua? Nyumba imesimama miaka mia na zaidi. Ingeshindwa na kesho?

Kisha tone la maji likaanguka kichwani kwake. Baridi.

Nje mvua ilikuwa imeanza.

* * *

"Eeh?" Haroub alisema. "Cha nne?"

"Kizima."

"Alhamdulil..."

"Kizima kwa sababu hakishiki kitu. Nilikibandua mimi mwezi wa nne, nikifagia. Nikakirudisha na unga. Picha zote nilizotuma ni uongo. Ukuta nyuma yake umefunguka, kidole gumba kinaingia, na mchanga unamwagika. Bosi, tumchukue Bibi tutoke."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja. Kutapika hakuna vituo.

Haroub akamsogelea. "Unga?"

"Unga."

"Unga wa mandazi?"

"Ule ule."

"Miezi saba!" Sasa alikuwa anapiga ukelele. "Miezi saba mama yangu analala juu ya mandazi! Halas. Halas! Leo hii unarudi Riyadh, moja kwa moja kwa wale waliokuleta. Wao watajua la kukufanya. Mimi na wewe mafi, hakuna tena!"

"Sawa, bosi. Lakini tutoke kwanza, ndiyo unifukuze vizuri."

"Usinijibu!"

"Haroub," Bi Badriya aliita.

"Mama, ngoja..."

"Ukuta ule nani aliupaka saruji?"

Haroub aligeukia mlango. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya mbao za roshani.

"Na usinianzie methali ya ufa na ukuta, Mama, si wakati wake..."

"Methali sina. Nina suali. Jiwe la matumbawe linavuta pumzi. Linakunywa maji, kisha linatoa jasho. Nguo yake ni chokaa. Kwetu Unguja mtoto anajua hilo kabla hajajua kufunga kikoi. Wewe ukaniletea mafundi kutoka Hindawiya na mifuko ya saruji, ukasema Mama, itang'aa. Ukaufunga ukuta pua na mdomo. Maji yamekaa ndani miaka miwili yanakula mbao. Mwenzio kabandua kioo. Wewe umemkaba koo mgonjwa mwenyewe."

Haroub alikwenda stoo mbio. Alirudi anatembea polepole, uso umekuwa rangi ya jivu, na simu sikioni. Aliibonyeza wote wasikie. Mhandisi alikuwa akizungumza Kiarabu cha kwao Misri, haraka haraka.

"Kidole kizima? Na mvua? Tokeni. Sasa hivi. Mmoja mmoja ngazini, shikeni upande wa mbele, msikanyage karibu na ukuta. Mwepesi kwanza, mzito mwisho. Umenielewa? Mzito mwisho!"

Lakini Haroub alishaondoka. "Nawaita watu tuje kumbeba na kiti chake!" alipayuka, akishuka vidato viwili viwili, kilo zake zote mia na kumi.

"Bosi, mzito mwisho!"

Selipher alifika kichwa cha ngazi kwa wakati wa kuona. Haroub alikuwa amepita kona ya pili. Nyuma ya kisigino chake kidato kimoja kiliinama, kama mtu anayesujudu. Kikaenda. Kikafuatwa na cha juu yake, na cha juu yake tena. Vumbi likapanda na ngurumo fupi, nzito.

"Bosi!"

Kikohozi kutoka chini. "Niko hai! Niko mlangoni! Mama?"

"Yuko sawa!"

Selipher aliinama kutazama. Kati ya ghorofa yao na ile ya chini palikuwa na shimo. Ngazi haikuwepo tena.

* * *

"Mhandisi," alisema kwenye simu yake, kwa Kiarabu chake cha jikoni, "ngazi imekwisha. Bosi yuko nje. Mimi na mama mkubwa tuko juu."

Mhandisi akajibu papo hapo. "Kaeni mbele. Ndani ya roshani. Zimamoto wanakuja."

"Tukae saa ngapi?"

"Binti yangu, ukuta hautoi miadi."

Mbele, basi. Selipher alirudi sebuleni. Bi Badriya alikuwa bado amekaa vilevile, tasbihi mkononi, anatazama mvua kupitia vitundu.

"Selifa. Njoo ukae. Nina neno."

"Bibi, si saa ya maneno."

"Kile kioo kilianguka."

Selipher akasimama kama aliyepigwa kofi. "Kioo gani?"

"Cha nne. Baada ya Idd Kubwa. Unga wako mbovu, sisimizi walikuwa wanaula. Nilikikuta chini, nikakiokota, nikakibandika mwenyewe. Kwa uji wa uwanga. Uwanga unashika."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya mwanzo. Mtu anachemsha unga na chumvi saa kumi za alasiri, ananiambia chapati. Chapati zenyewe sikuziona."

"Na hukusema!" Selipher alisikia sauti yake ikipanda na hakuizuia. "Miezi saba sili nikashiba! Kila Alhamisi nakufa! Nimelia kwa choo, Bibi, mpaka nikadhani nina ugonjwa! Na wewe unajua!"

"Ningesema wangenitoa."

"Na sasa je?"

"Sasa nenda. Wewe una wana. Mie niache hapa hapa. Nimeshaapa."

Mama yeyote amewahi kumsikia mtoto akisema hivyo, ameshika mguu wa meza, hataki kwenda kudungwa sindano. Na mama yeyote anajua kwamba hapo maneno yameisha.

"Selipher!" Haroub alikuwa mtaani, amelowa, anatazama juu, kofia imepotea. "Zimamoto wamefika! Wako Bab Makka!"

Selipher aliweka mdomo kwenye vitundu. "Wako na nini?"

"Na gari! La ngazi ndefu!"

"Hiyo gari inaingia huku?"

Haroub aligeuka kutazama kichochoro chake mwenyewe, alichozaliwa ndani yake. Punda wawili walipishana hapo kwa taabu.

Upande wa pili wa kichochoro, nyumba ya jirani ilikuwa ikikarabatiwa. Vyuma vya jukwaa la mafundi vilisimama mbele yake hadi juu, na mafundi wawili Wayemeni walikuwa wamejikunyata chini ya turubai kukimbia mvua. Walikuwa usawa uleule wa roshani. Hatua mbili za mtu mzima, si zaidi. Nyumba za mtaa ule zimesogeleana vichwa kama wambea.

"Bibi. Ule ubao uko wapi?"

"Ubao gani?"

"Wa futari. Ule uliniambia Ramadhani."

Macho ya Bi Badriya yalishuka kwenye kiti alichokalia. Hakuweza kuyazuia.

Zamani, jua likizama mwezi wa Ramadhani, nyumba hizi mbili zilikuwa zikipitishiana siniya. Hakuna aliyeshuka ngazi. Walilaza ubao wa msaji kutoka roshani hadi roshani, wakasukuma sahani juu yake: sambusa zikaenda kule, vipopoo vikarudi huku. Bi Badriya alijisifu kwamba siku moja alipita mbuzi mzima na wali wake, na ubao haukulia.

Selipher alilala kifudifudi, akaingiza mikono chini ya kiti, akavuta. Ubao ulitoka, mrefu, mzito, mweusi kwa mafuta ya miaka. Upana wa futi moja.

"Mbuzi si mtu," Bi Badriya alisema.

"Mbuzi mzima na wali anakushinda kilo, Bibi."

Lakini kidirisha cha roshani kilichofunguka kilikuwa kipana kwa siniya, si kwa mwanadamu. Selipher alitazama nakshi zile: nyota ndani ya nyota, majani yaliyochongwa na mkono wa mtu aliyekufa zamani. Akakimbia jikoni. Akarudi na lile shoka dogo la kukatia mifupa.

Bi Badriya alipiga ukelele kwa mara ya kwanza. "Usithubutu! Msaji huo umetoka Bara Hindi! Una miaka mia na ishirini!"

"Na wewe una sabini na tano. Hapa kuna wazee wawili, Bibi. Naweza kutoa mmoja."

"Selipher!" Haroub alipiga kelele kutoka chini. "Roshani usiiguse! Ina namba ya serikali! Wataniweka ndani! Subirini zimamoto!"

Alisita. Wacha tuseme ukweli, alisita. Ameshavunja kitu kimoja cha serikali, na kwa hicho kimoja ameshafukuzwa kazi. Hiki cha pili hakibandikwi kwa unga. Aliwaona watoto wake mlangoni kwa dada yake. Aliiona Manfuha, godoro la kumi kwenye chumba cha Winfred.

Kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, mdogo, mkaidi, mwongo kama yeye mwenyewe.

"Bosi!" aliita. "Hii nimevunja mimi! Nasema mapema!"

Akainua shoka.

Pigo la kwanza lilitoa vumbi tu. La pili likaingia. La tatu nyota ikapasuka, na mwanga wa mchana ukaingia roshanini kwa wingi ambao haujawahi kuingia tangu fundi aifunge. Alipiga kama anayepasua kuni za matanga, bila huruma. Kibao cha namba kikakatika, kikaanguka mtaani, kikalia mbele ya miguu ya Haroub.

Wayemeni walishatoka chini ya turubai. Hawakuuliza kitu. Selipher aliposukuma ubao, mikono minne iliupokea, ikaulaza juu ya vyuma, mmoja akaukalia.

"Wahid! Wahid!" yule mwingine alipaza sauti, kidole juu. Mmoja mmoja. Si wawili.

Selipher alimgeukia Bi Badriya.

"Nimeapa," ajuza alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Selifa, mwanangu, nimeapa. Kwa miguu yangu sitoki."

"Nimesikia, Bibi. Hutatoka kwa miguu yako. Utatoka kwa yangu."

Alipiga goti, akampa mgongo. Alichukua kanga mbili kutoka kwenye kamba, zile nzito, akampitisha Bi Badriya mgongoni, akazungusha, akakaza fundo kifuani na la pili kiunoni. Hivyo ndivyo alivyowabeba watoto wake wawili katika mashamba ya chai, na kikapu cha majani juu. Kikongwe alikuwa mwepesi kama kuni kavu. Mikono yake miwili ikamshika Selipher shingo. Haikupinga.

"Wahid!" Myemeni alipiga kelele tena alipowaona. "La, la! Wahid!"

"Tuko mmoja!" Selipher alimjibu kwa Kiswahili, akapanda juu ya kiti.

Chini, watu walikuwa wamejaa kichochoroni. Haroub alikuwa amenyoosha mikono juu, kama anayeweza kudaka nyumba.

"Bibi, fumba macho."

"Nifumbe kwa nini? Mtaa huu nimeutazama kwa vitundu miaka hamsini. Leo nautazama mzima."

Selipher aliweka mguu wa kulia kwenye ncha ya ubao. Ulikuwa unateleza kwa mvua. Akavua viatu, akauweka tena.

Nyuma yao, juu ya mlango wa sebule, kwenye ukuta ambao hakuna aliyekuwa na wasiwasi nao, kitu kililia.

Tak.

Kioo cha tatu.

Selipher hakugeuka. Alikanyaga. Ubao ukabonyea chini ya watu wawili, na yeye akainua mguu wa pili.